Rege ya Roots ya Leo: Maneno Tunayoyacheza Bila Kuyasikia

Mwaka 1985, tuzo za Grammy zilipoweka kwa mara ya kwanza kipengele cha rege, mshindi alikuwa kundi la Kingston, Jamaika, liitwalo Black Uhuru. Uhuru, neno letu hilihili. Miaka 38 baadaye, Februari 2023, tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Mjamaika ambaye wazazi wake walimpa jina la Keron Salmon, lakini mwenyewe amechagua kuitwa Kabaka Pyramid. Kabaka ni mfalme wa Buganda, yule ambaye kiti chake kiko Mengo, Kampala.

Naanza na majina haya kwa sababu Afrika Mashariki tunaipenda rege kwelikweli, na bado sehemu kubwa ya rege inatupita. Panda matatu Nairobi siku ya Jumapili, au keti kwenye kibanda cha kinyozi Arusha, utaikuta. Watu wanatikisa vichwa, wanaimba kiitikio. Muulize mmoja wao ubeti wa pili unasema nini, atakuambia ni mambo ya Jah na upendo. Hajakosea, ila amechota kikombe kimoja baharini. Wimbo umeimbwa kwa Patwa, lugha ya Wajamaika, na juu ya Patwa hiyo kumefumwa lugha ya Marasta yenye maana zake. Nataka nikufungulie mafundo machache.

Tuanze na masikio. Hesabu polepole: moja, mbili, tatu, nne. Katika muziki mwingi wa kucheza, ngoma kubwa hupiga kwenye moja. Katika rege ya roots ile moja huachwa tupu, halafu ngoma kubwa na ngoma ndogo kali zinaangukia pamoja kwenye tatu. Wenyewe wanaita mtindo huu “one drop”, na aliyeufanya ujulikane duniani kote ni Carlton Barrett, mpiga dramu wa The Wailers. Gitaa linakata kwenye mbili na nne, fupi na kavu. Kinanda kinabubujika katikati kama maji yanayochemka, na besi ndiyo inayobeba wimbo wenyewe. Ukiondoa sauti ya mwimbaji, besi peke yake inatosha kukuambia ni wimbo gani. Lile pengo kwenye moja ndipo mwili wako unapoingia, ndiyo maana hata asiyejua kucheza hujikuta goti linakunja lenyewe.

Chini ya dramu kuna ngoma za zamani zaidi, tatu kwa idadi, zinazopigwa katika ibada za Marasta. Kuna ile kubwa inayonguruma, kuna fundeh inayopiga kama moyo, du-dum, kisha kimya, na kuna repeater inayozungumza juu yao. Ibada hizo na ngoma hizo huitwa Nyahbinghi. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu hadithi ya jina hili inaanzia kwetu.

Nyabingi ni pepo wa kike aliyeheshimiwa katika nchi ya milima iliyo mpakani mwa Uganda na Rwanda, upande wa Kigezi na Mpororo. Jina hufasiriwa kuwa mwenye vitu vingi, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kusikia “vingi” ndani ya “bingi”. Wakoloni walipoingia, waganga na wasemaji wa Nyabingi, wengi wao wanawake, waligeuka viongozi wa upinzani. Maarufu kuliko wote ni Muhumuza, aliyesemekana kuwa mjane wa mfalme wa Rwanda. Waingereza walimkamata mwaka 1911 wakamweka Kampala hadi alipofariki mwaka 1945. Aliishi miaka 34 mbali na milima yake.

Jina lilifikaje Jamaika? Mwishoni mwa mwaka 1935, Italia ikiwa imeivamia Ethiopia, gazeti moja la Jamaika lilichapisha makala iliyodai kuwa kuna jeshi la siri la watu weusi liitwalo Nyabinghi, chini ya Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, lililoapa kuwaangamiza Wazungu. Ilikuwa propaganda ya kuitetea Italia, ya kuwatia Wazungu hofu waone Ethiopia inastahili kupigwa. Marasta wa Kingston waliisoma kama habari njema. Kama jeshi hilo lipo, wakasema, sisi ni wanajeshi wake. Hivyo jina la pepo wa Kigezi likavuka bahari juu ya karatasi ya uongo, likawa jina la ibada na la ngoma, na leo linasikika ndani ya nyimbo za vijana ambao hawajawahi kufika Kabale, mji wa Kigezi.

Roots yenyewe ni mizizi, na kwa maana ya muziki ni ile rege iliyokomaa katika miaka ya 1970 mikononi mwa watu kama Burning Spear, Culture, Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Wailer. Nyimbo zao zilibeba imani ya Rasta, maisha ya mitaa ya kimaskini ya Kingston, na Afrika. Mwaka 1985 ukaja mdundo wa kompyuta ulioitwa Sleng Teng, studio zikagundua kwamba kinanda kidogo cha umeme kinaweza kufanya kazi ya bendi nzima, na dancehall ikatawala. Roots haikufa. Miaka ya 1990 ilirudi kwa nguvu kupitia Garnett Silk, aliyefariki Desemba 1994 akiwa bado kijana, kisha Luciano, Sizzla, Capleton, na Buju Banton ambaye albamu yake ya mwaka 1995 ilimgeuza kutoka nyota wa dancehall kuwa Rasta anayetafakari.

Ninaposema roots ya leo nazungumzia hasa wimbi lililojitokeza kuanzia miaka ya 2010 na kuendelea. Mwaka 2011 mwandishi mmoja wa Kingston, Dutty Bookman, aliliita “Reggae Revival”, uhuisho wa rege, na jina likashika. Wako waliolikataa, na mimi nawaelewa, kwani ukisema umefufua kitu umeshasema kilikuwa maiti, na wazee waliokuwa bado wanapanda jukwaani hawakupendezwa. Lakini jambo lenyewe lilikuwa la kweli. Vijana walirudisha bendi hai, wapiga ala wa damu na nyama, wakati soko lilikuwa limezoea mwimbaji mmoja na diski ya midundo.

Walikutana wapi? Bull Bay, nje kidogo ya Kingston, kuna kambi ya watelezaji wa mawimbi iitwayo Jamnesia, ya familia ya Billy Mystic, mwanamuziki wa Mystic Revealers. Usiku wa Jumamosi fulani jukwaa dogo la pale lilifunguliwa kwa yeyote mwenye gitaa na wimbo. Huko juu, kwenye vilima vinavyoutazama mji, Kingston Dub Club ilikuwa inapiga santuri za roots kila Jumapili usiku. Wasanii wengi wa wimbi hili walipita sehemu hizo mbili. Chronixx, mzaliwa wa mwaka 1992 kutoka eneo la Spanish Town, mtoto wa mwimbaji aitwaye Chronicle. Protoje, kutoka Saint Elizabeth, ambaye mama yake Lorna Bennett alitamba kwa wimbo wa mapenzi mwaka 1972. Jah9, Kabaka Pyramid, Jesse Royal, kundi la Raging Fyah. Baadaye kidogo wakaja Lila Iké na Koffee.

Upya wao haukuwa kwenye ngoma tu. Hawa ni watoto waliokua wakisikiliza hip-hop, wakaileta rap ndani ya one drop bila aibu. Mwaka 2012 Chronixx alijitambulisha kwa mkusanyiko wa nyimbo uliogawiwa bure mtandaoni, akishirikiana na DJ Walshy Fire wa kundi la Major Lazer. Mtayarishaji Winta James, aliyetengeneza albamu ya Protoje ya mwaka 2015, alichukua vumbi la santuri za zamani akaliweka juu ya besi nzito ya kisasa. Kuazima mdundo wa zamani si wizi kule Jamaika, ni desturi. Mdundo, wanaouita ridimu, una jina na historia yake, na waimbaji kumi wanaweza kuutumia kila mmoja kwa wimbo wake. Mdundo wa “Welcome to Jamrock” wa Damian Marley, uliotikisa dunia mwaka 2005, ulitoka kwenye wimbo wa Ini Kamoze wa miaka ya 1980.

Sasa maneno. Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi wetu tunapoachwa nyuma.

Rasta wa Jamaika alilelewa na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Msamiati wake wote umo humo. Fungua Zaburi ya 137 katika Biblia yetu: “Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni.” Babeli hiyo ndiyo Babylon unayoisikia katika kila wimbo wa tatu. Kwa Rasta, Waebrania waliochukuliwa mateka ni picha ya Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo, na Babeli ni mfumo uliowavusha na unaoendelea kuwashika, kuanzia polisi na benki hadi shule inayomfundisha mtoto kujidharau. Sayuni ni Afrika, na hasa Ethiopia.

Kwa nini Ethiopia? Nenda Zaburi ya 68, mstari wa 31. Biblia ya Kiswahili inasema Kushi ndiyo inayomnyoshea Mungu mikono. Msomaji wetu anapita hapo bila kushtuka, Kushi ni jina la kale tu. Katika Biblia ya Mjamaika, mahali hapohapo pameandikwa Ethiopia. Mtumwa na mjukuu wa mtumwa walisoma mstari huo wakaona bara lao limetajwa kwa jina ndani ya kitabu kitakatifu, lina miadi na Mungu. Ras Tafari Makonnen alipotawazwa Addis Ababa tarehe 2 Novemba 1930 akawa Haile Selassie, Mfalme wa Wafalme, Simba wa Yuda, maskini wa Kingston waliona miadi imetimia. “Ras” ni cheo cha Kiethiopia na “Tafari” ni jina lake, na kutoka hapo ndipo Urasta ukapata jina. Jah nalo si neno geni kwako. Ni jina la Mungu lililojificha mwishoni mwa “Haleluya”.

Kisha wakaanza kuivunjavunja lugha ya bwana. Rasta hasemi “mimi”, wala “wewe na mimi”, husema “I and I”, mimi na mimi, kwa kuwa Mungu aliye ndani yangu ndiye aliye ndani yako. Neno la Kiingereza la dhuluma, “oppression”, masikioni mwao linaanza kwa sauti ya kupanda juu. Wakasema mdhulumiwa hapandi, anashindiliwa chini, wakaligeuza kuwa “downpression”. Ukisikia “livity”, ni namna ya kuishi iliyo ibada kwa yenyewe. “Ital” ni chakula cha namna hiyo, kisicho na nyama wala makorokoro ya kiwandani, na wengi hukipika bila chumvi. Mtu anaweza kudhani ni mchezo wa maneno. Mimi naona ni watu walionyang'anywa lugha zao wakaamua angalau hii waliyopewa waikate upya kwa vipimo vyao.

Kwa funguo hizo, sikiliza tena nyimbo za leo. Chronixx ana wimbo katika albamu fupi ya mwaka 2014 uitwao “Capture Land”. Jamaika, ardhi ya “capture” ni kiwanja kilichovamiwa, pale maskini alipojenga bila hati na kuishi akisubiri tingatinga. Chronixx anaupindua msemo. Anauliza kisiwa chenyewe kilipatikanaje, kama si kwa kuvamiwa, na nani basi mvamizi? Swali hili lina historia nzito katika wilaya aliyotoka. Katika vilima vya Saint Catherine, mwaka 1940, mhubiri Leonard Howell alianzisha Pinnacle, kijiji cha kwanza kikubwa cha Marasta kilichojilisha chenyewe. Polisi walikivamia mara kwa mara, na miaka ya 1950 wakakivunja. Utumwa ulipofutwa Uingereza ililipa fidia ya pauni milioni 20, na fedha zote zilikwenda kwa wenye watumwa. Aliyekuwa mtumwa hakupata hata shamba. Ukisikia roots ya leo ikidai fidia, deni hilo ndilo linalodaiwa.

Ndiyo sababu kurudi Afrika hakujawa ndoto ya mdomoni tu. Mwaka 1948 Haile Selassie alitenga ardhi Shashamane, kusini mwa Addis Ababa, kwa ajili ya watu weusi wa Magharibi waliosimama na Ethiopia wakati wa vita. Marasta walihamia huko, wakazaa huko, wakaishi miongo mingi bila karatasi, hadi mwaka 2017 serikali ya Ethiopia ilipoanza kuwapa vitambulisho. Waimbaji wa kizazi hiki huizungumzia Afrika kwa namna tofauti na baba zao. Wameshaiona kwa macho, wana marafiki huku. Afrika yao ina watu na msongamano wa magari, pamoja na utukufu wake wa Zaburi.

Marcus Garvey naye hatoki midomoni mwao. Alizaliwa Saint Ann's Bay mwaka 1887, akajenga chama kikubwa cha watu weusi na kampuni ya meli, kisha mwaka 1923 mahakama ya Marekani ikamtia hatiani kwa udanganyifu kupitia posta, na baadaye akafukuzwa nchini humo. Roots imeimba kwamba alionewa tangu Burning Spear mwaka 1975. Aprili 2015 Obama alipokwenda Kingston na kutembelea makumbusho ya Bob Marley, Wajamaika wengi walifurahi, lakini Chronixx alimlaumu hadharani kwamba Garvey bado hajasamehewa. Kijana alionekana mkorofi. Msamaha huo ulikuja Januari 2025, siku za mwisho za Rais Biden.

Siasa za nyumbani wanazishughulikia kwa ukali huohuo. “Well Done” ya Kabaka Pyramid inawapongeza wanasiasa mstari kwa mstari kwa kazi nzuri ya kuwafukarisha wananchi. Aliyezoea mafumbo ya taarabu ataelewa mara moja, maana sifa ikizidi ni tusi. Na ile Jamrock ya Damian Marley inaweka ufuo wa watalii kando ya mtaa wa risasi ulio nyuma yake. Mtu wa Malindi au Nungwi hahitaji kufafanuliwa zaidi jinsi hoteli na kijiji vinavyoweza kuwa jirani bila kujuana.

Jambo ninaloliona jipya kabisa ni sauti za wanawake. Urasta wa zamani ulikuwa nyumba ya wanaume, na roots vivyo hivyo, mwanamke akiimbwa kama malkia lakini akisimama nyuma kuitikia. Queen Ifrica alivunja ukimya kwa wimbo wake “Daddy” kuhusu mtoto anayenajisiwa na baba yake, jambo ambalo redio ilikuwa haijazoea kulisikia. Jah9 anaimba juu ya pumzi, tafakuri na afya ya mwili, rege yake ikiwa na harufu ya jazi. Koffee alitwaa Grammy ya rege Januari 2020 akiwa na miaka 19, mdogo kuliko msanii yeyote wa peke yake aliyeshinda kabla yake, na mwanamke wa kwanza kuitwaa peke yake. Hakufanya hivyo kwa kuimba unabii mzito. Anashukuru, anacheka, anawaombea vijana wa mtaani kwake waepuke bunduki. Wapo wanaosema hiyo si roots. Nadhani wamesahau kwamba shukrani ni ibada pia.

Kuhusu bangi nitasema kwa ufupi, maana wengi huanzia hapo na kuishia hapo. Kwa Rasta ni sakramenti, na kwa miongo mingi ilikuwa kisingizio cha kumkamata. Mwaka 2015 sheria ya Jamaika ilibadilishwa, kubeba hadi gramu 56.7 kukaacha kuwa jinai, na matumizi ya ibada yakatambuliwa. Sasa nyimbo zinauliza jingine, kwa nini kampuni zenye mitaji ndizo zinazopata leseni wakati mkulima aliyefungwa jana anatazama tu.

Nywele zina uzito kuliko moshi. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba Urasta ni dini, na mwanafunzi aliyefukuzwa kwa sababu ya rasta zake arudishwe darasani. Mwaka uliofuata, Jamaika, nyumbani kwa rege, mahakama iliamua kinyume katika kesi ya mtoto wa shule ya msingi, na uamuzi huo ukageuzwa kwenye rufaa mwaka 2024. Kwa hiyo msanii wa leo akiimba juu ya rasta zake, usidhani anaimba mtindo wa saluni.

Roots pia haikai Jamaika peke yake. Huko Saint Croix, Visiwa vya Virgin, Vaughn Benjamin wa kundi la Midnite alitoa makumi ya albamu kabla ya kufariki mwaka 2019, mashairi yake mazito kiasi kwamba mashabiki huyasoma kama maandiko. Mwaka 2022 Grammy ilikwenda kwa SOJA, bendi ya Virginia yenye mwimbaji Mzungu, na Kingston kukawa na malalamiko. Sina shida na mtu yeyote kuipenda roots na kuipiga vizuri. Linaloniuma ni kwamba kijana wa Bull Bay mara nyingi hupata hadhira kubwa Ulaya na California kabla ya redio ya kwao kumpigia wimbo mmoja.

Kwetu, daraja limeshajengwa. Tanzania tumekuwa na rege yetu ya Kiswahili tangu enzi za Jah Kimbute na Roots and Culture, na mwaka 2017 Diamond Platnumz alirekodi na Morgan Heritage, familia iliyochukua Grammy ya rege mwaka uliotangulia. Ukitaka kuanza kusikiliza kwa makini, chukua “Who Knows” ya Protoje na Chronixx, ni nyepesi na maneno yake yanafuatika. Halafu albamu ya Chronixx ya mwaka 2017, Chronology, kisha albamu ya Kabaka, The Kalling. Mwishowe tafuta rekodi ya ngoma tatu za Nyahbinghi bila gitaa wala besi, uisikilize usiku taa zikiwa zimezimwa, fundeh ikipiga du-dum.